Ustadi wa Mnyongaji Haukuwahi Kuwa Haki

Asubuhi ya tarehe 8 Mei 1951, katika gereza la Strangeways mjini Manchester, James Inglis alinyongwa kwa kosa la mauaji, na tangu mnyongaji alipoingia katika chumba chake hadi sakafu ilipofunguka chini ya miguu yake zilipita sekunde saba. Wanaofuatilia historia ya adhabu ya kifo nchini Uingereza huitaja siku hiyo kuwa ndiyo iliyoweka rekodi ya kasi. Aliyeifanya kazi hiyo ni Albert Pierrepoint, ambaye kati ya mwaka 1932 na 1955, kwanza akiwa msaidizi na baadaye mnyongaji mkuu, alishiriki kuwanyonga watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 435 na 600. Alikuwa mtu mpole na nadhifu, na majirani zake kwa miaka mingi walimjua kama mpeleka bidhaa wa duka la vyakula.

Wengi wakisoma habari zake hushangazwa na mambo mawili kwa pamoja, yaani idadi ya waliokufa mikononi mwake na upole wa tabia yake, kana kwamba hayo hayawezi kukaa ndani ya mtu mmoja. Mimi sioni mgongano wowote hapo. Serikali ya Uingereza haikuhitaji katili, kwa sababu katili angeiaibisha. Ilihitaji fundi mwenye adabu, anayefika kwa wakati, asiyelewa kazini na asiyeropoka mitaani, ili kitendo cha kumuua mtu aliyefungwa mikono kimalizike kabla ya yeyote aliyekuwapo kulazimika kukitafakari. Pierrepoint aliitoa huduma hiyo kwa ukamilifu usio na mfano. Kwa maoni yangu hatari ilikuwa katika ukamilifu huo wenyewe, kwa kuwa uliifanya hukumu ya kifo ionekane njema kwa namna ilivyotekelezwa, hata pale ilipokuwa imetolewa vibaya.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1905 huko Clayton, karibu na Bradford, jimboni Yorkshire. Kazi hii aliikuta nyumbani. Baba yake, Henry, alikuwa mnyongaji kuanzia 1901 hadi 1910, alipoondolewa katika orodha ya serikali baada ya kufika gereza la Chelmsford akiwa amelewa na kupigana na msaidizi wake, John Ellis. Baba yake mkubwa, Thomas, aliingia kazini kwa mkono wa Henry na kuendelea hadi 1946, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Albert alikuwa na umri wa miaka 11 hivi alipoandika shuleni, katika insha ya kueleza angependa kuwa nani ukubwani, kwamba angependa kuwa mnyongaji kama baba yake. Huyo hakuwa mtoto aliyevutwa na damu. Alikuwa mtoto wa kiwandani ambaye baba yake alikuwa na jambo moja tu la kumtofautisha na wanaume wengine wa mtaa, jambo lililompeleka Dublin na London kwa nauli ya serikali na kuliingiza jina lake magazetini. Kabla hajafikisha miaka 13 Albert alikuwa tayari ameajiriwa katika kiwanda cha pamba huko Failsworth, na baadaye akawa mpeleka bidhaa wa mfanyabiashara wa vyakula, kwanza kwa mkokoteni wa farasi, kisha kwa gari.

Mwaka 1931 aliwaandikia Makamishna wa Magereza kuomba kazi, akajibiwa kwamba hakuna nafasi. Nafasi ilipopatikana alihojiwa Strangeways, kisha akapelekwa gereza la Pentonville, London, kwa mafunzo ya siku kadhaa ambamo alirudia mara nyingi kulifunga mikanda, kulivisha mfuko wa kichwa na kulidondosha sanamu lenye umbo la mtu. Jina lake liliingizwa katika orodha ya wasaidizi mwezi Septemba 1932. Tarehe 29 Desemba mwaka huo alisimama kwa mara ya kwanza kwenye mti wa kunyongea, katika gereza la Mountjoy, Dublin, akimsaidia baba yake mkubwa, kwa kuwa hata baada ya kujitawala Waayalandi waliendelea kuwaita wanyongaji kutoka Uingereza. Thomas alikuwa amekwisha kumpa nasaha yake moja kuu: kama huwezi kuifanya kazi hii bila kunywa wiski, usiifanye kabisa. Ukikumbuka yaliyomkuta Henry, utaona nasaha hiyo ilitoka wapi.

Malipo ya msaidizi yalikuwa paundi 1, shilingi 11 na peni 6 kwa kila mtu aliyenyongwa, na kiasi kama hicho tena wiki mbili baadaye, endapo mwenendo wake ungeridhisha. Sharti hilo la wiki mbili linaonyesha vizuri mawazo ya waajiri wake. Kanuni zilimtaka mnyongaji awe na mwenendo wa heshima gerezani na nje ya gereza, ajiepushe na kuvuta macho ya watu, na asimweleze mtu yeyote alichokifanya au alichokiona. Nusu ya ujira ilikuwa ya kunyonga, na nusu ya pili ilikuwa ya kunyamaza. Hakuwa mtumishi wa kudumu, hakuwa na mshahara wala pensheni. Aliitwa kwa barua kila alipohitajika, akaomba ruhusa kwa tajiri wake wa vyakula, akapanda treni. Alipomwoa Annie Fletcher mwaka 1943, mwanamke aliyekuwa na duka jirani na mahali pake pa kazi, hakumwambia kinachomsafirisha, na mkewe, ambaye alikuwa amekwisha kujua, hakumuuliza.

Kazi yenyewe ilianza siku moja kabla. Mnyongaji na msaidizi wake walitakiwa kuwa ndani ya gereza si zaidi ya saa kumi alasiri, na kulala humohumo. Waliandikiwa umri, urefu na uzito wa mhukumiwa, kisha wakapelekwa kumchungulia kupitia tundu la mlangoni bila yeye kujua, ili mnyongaji ajionee kwa macho unene wa shingo na maungo yake. Tangu William Marwood alipoanzisha mtindo wa kumdondosha mtu umbali mrefu mwaka 1872, kila kitu kilitegemea hesabu ya umbali huo. Mtu mzito hudondoshwa umbali mfupi, mwepesi umbali mrefu. Umbali ukipungua mtu hukabwa na kamba taratibu hadi afe, ukizidi kichwa huweza kung'oka. Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa na jedwali lake, lakini Pierrepoint aliliongezea inchi kadhaa au kulipunguza kwa kadiri alivyoona misuli ya shingo. Kitanzi hakikuwa na fundo. Kamba ilipita ndani ya pete ya chuma, na pete hiyo ilipaswa kukaa chini ya taya la kushoto, kwa sababu kutoka hapo mtu anapofika mwisho wa kamba kichwa hurushwa nyuma na mfupa wa shingo huvunjika mara moja. Mfuko wa mchanga wenye uzito wa mhukumiwa uliachwa ukining'inia usiku kucha ili kamba inyooke, na asubuhi umbali ukapimwa upya. Kisha alama ya chaki ikachorwa juu ya milango miwili ya sakafuni, mahali ambapo miguu ingesimama.

Wakati haya yakifanyika, mhukumiwa alikuwa upande wa pili wa ukuta. Alikaa na askari magereza wawili, waliopokezana zamu usiku na mchana, wakicheza naye karata na domino na kuzungumza naye juu ya lolote isipokuwa hilo. Chumbani mwake kulikuwa na kabati kubwa la nguo. Ilipofika saa tatu asubuhi mnyongaji aliingia, akamfunga mikono nyuma kwa mkanda wa ngozi, kabati likasukumwa kando, na nyuma yake ukaonekana mlango. Wengi walikuwa hawajui kwamba kwa wiki zote tatu walizosubiri walikuwa wakilala hatua chache kutoka mahali pa kufia. Akaongozwa hadi kwenye chaki. Msaidizi akamfunga miguu, mnyongaji akamvika mfuko mweupe kichwani na kitanzi shingoni, akachomoa pini ya usalama, akavuta wenzo.

Siwezi kukanusha kwamba ndani ya utaratibu huu kuna huruma. Mtu anayekwenda kufa hapaswi kuutazama mlango wa kifo chake kwa siku ishirini, na anayekufa kwa sekunde kumi ameepushwa na mateso yaliyowapata waliokabwa na kamba kwa robo saa katika karne zilizopita. Lakini kabati lile halikuwekwa kwa ajili ya mhukumiwa peke yake. Askari waliocheza naye domino, mkuu wa gereza, daktari, kasisi na mwakilishi wa mahakama walihitaji kupitishwa katika asubuhi hiyo bila kilio, bila mieleka, bila muda wa kutosha wa dhamiri kuamka, na aliyewapitisha ni mnyongaji. Siku ambayo mhukumiwa alikataa kushirikiana, kama alivyofanya Karel Richter, jasusi wa Ujerumani aliyenyongwa Wandsworth mwezi Desemba 1941, watu kadhaa walilazimika kumbana sakafuni huku akijinasua kwenye mkanda, na sura halisi ya kitendo ikaonekana.

Wakati wa vita Pierrepoint alikutana na mtindo mwingine. Wanajeshi wa Marekani waliohukumiwa kifo na mahakama zao za kijeshi walinyongewa katika gereza la Shepton Mallet, Somerset, na Wamarekani walileta desturi yao: mhukumiwa husimamishwa juu ya milango ya sakafuni, mashtaka na hukumu vikasomwa kwa ukamilifu, akaulizwa kama ana neno la kusema, na yote hayo yalichukua dakika zilizoweza kufika sita. Pierrepoint aliuchukia utaratibu huo, na alikuwa na haki ya kuuchukia, kwani ni ukatili kumsimamisha binadamu hapo akisubiri karani amalize kusoma. Hata hivyo naona katika dakika hizo jambo ambalo mtindo wa Uingereza uliliondoa kwa makusudi. Wote waliokuwapo walilazimika kusikia ni nani anayeuawa, kwa kosa gani, na kwa jina la nani; na mwenye kufa alipewa nafasi ya kusema kwamba si yeye aliyefanya. Timothy Evans, ambaye habari zake zinakuja mbele, hakupewa nafasi hiyo ndani ya sekunde zake.

Mwisho wa vita ulimtoa Pierrepoint gizani. Mwezi Desemba 1945 alipelekwa Hameln, Ujerumani, akiwa amepewa cheo cha heshima cha luteni kanali, na tarehe 13 ya mwezi huo akawanyonga watu 13 kwa siku moja, wengi wao wakiwa wakuu na walinzi wa Belsen, kambi ya mateso ya Wanazi, akiwamo kamanda wake, Josef Kramer, na mlinzi wa kike Irma Grese. Wanawake watatu walinyongwa mmoja mmoja, wanaume wakanyongwa wawili wawili. Katika miaka michache iliyofuata aliwanyonga wahalifu wa kivita wapatao 200. Jina lake likajaa magazetini, na taifa lililokuwa limeona picha za Belsen likampokea kama mtu aliyelipiza kwa niaba yake. Siwalilii waliokuwa wakiendesha kambi ile. Ninachokiona ni kwamba mnyongaji, ambaye kanuni zilimtaka awe kivuli, sasa alikuwa shujaa, na ushujaa huo ulimfuata alipowarudia wahukumiwa wa kawaida, watu waliotoka katika kesi za haraka zenye mashahidi wa kutiliwa shaka. Mkono uliomnyonga Kramer ulionekana kuwa hauwezi kukosea.

Mwaka 1946 aliacha kazi ya kupeleka bidhaa akachukua baa huko Hollinwood, kati ya Manchester na Oldham. Miongoni mwa wateja wake alikuwa James Corbitt, mtu aliyependa kuimba. Walizoeana kiasi cha kuitana majina ya utani, Corbitt akiwa Tish na Pierrepoint akiwa Tosh, na baadhi ya jioni waliimba pamoja mbele ya wateja wengine. Mwezi Agosti 1950 Corbitt alimnyonga kwa mikono yake mwanamke aliyekuwa mpenzi wake, katika hoteli moja ya Ashton-under-Lyne, kwa wivu. Tarehe 28 Novemba mwaka huo, Strangeways, mnyongaji aliyeingia chumbani mwake alikuwa Tosh. Pierrepoint alieleza baadaye kwamba walisalimiana kwa majina yao ya baa, na kwamba Corbitt, aliyekuwa na hofu, alitulia aliposikia jina lake la utani.

Watetezi wa adhabu ya kifo husema siku zote kwamba anayekijua kitanzi hatathubutu kuua. Corbitt hakukijua kitanzi kwa kukisoma gazetini. Alimjua mwenye kukishika, alipokea bia kutoka mkononi mwake, aliimba akiwa bega kwa bega naye. Ikiwa kuna mtu mmoja katika Uingereza nzima ambaye hofu ya kunyongwa ilipaswa kumzuia, ni huyo, na haikumzuia. Pierrepoint mwenyewe ndiye aliyeifikia hoja hii na kuiandika, na ndiyo maana naipa uzito kuliko takwimu nyingi zinazotolewa na pande zote mbili za mjadala huu. Wivu, ulevi, hasira na woga, ambavyo ndivyo huwafikisha wengi kwenye kuua, haviketi chini kupiga hesabu ya adhabu.

Miezi minane kabla ya Corbitt, tarehe 9 Machi 1950, Pierrepoint alikuwa Pentonville kumnyonga Timothy Evans, dereva wa lori mwenye umri wa miaka 25, asiyeweza kusoma vizuri, aliyehukumiwa kwa kumuua binti yake mchanga, Geraldine. Mke wa Evans, Beryl, naye alikuwa ameuawa katika nyumba hiyohiyo, namba 10 Rillington Place, London. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka alikuwa jirani wa chini, John Christie, na Evans alishikilia kwamba Christie ndiye muuaji. Mwaka 1953 Christie alipohama, miili ya wanawake ilipatikana imefichwa ukutani jikoni, chini ya sakafu na bustanini, na Christie akakiri kwamba alimuua hata Beryl. Tarehe 15 Julai 1953, katika gereza lilelile la Pentonville, Pierrepoint akamnyonga Christie. Evans alipewa msamaha wa kifalme mwaka 1966, miaka 16 baada ya kuzikwa.

Vifo hivyo viwili vilifanana: jedwali lilelile, chumba kilekile, mikono ileile, na pete ya chuma chini ya taya la kushoto la aliyesema kweli kama ilivyokaa chini ya taya la muuaji aliyemtolea ushahidi. Pierrepoint hakukosea katika lolote alilopewa kulifanya. Hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Ustadi wake uliwapa maofisa hisia kwamba jambo limekwenda sawa, na hisia hiyo ilikuwa ya kweli kuhusu kamba na ya uongo kuhusu haki.

Kuna kesi nyingine inayoniuma zaidi, na inastahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Mahmood Mattan alikuwa baharia Msomali aliyezaliwa Hargeisa, akafika Cardiff, bandari ya Wales, akaoa mwanamke wa huko aitwaye Laura na kuzaa naye watoto watatu wa kiume. Mwezi Machi 1952 mwenye duka mmoja, Lily Volpert, aliuawa kwa kukatwa koo dukani mwake, na polisi wakamkamata Mattan. Mashahidi walioletwa kumtambua hawakumtambua. Shahidi aliyemponza alikuwa awali amemtaja Msomali mwingine, na upande wa utetezi haukuelezwa hivyo. Wakili wa Mattan mwenyewe, akizungumza na baraza la wazee wa mahakama kwa kisingizio cha kumtetea, alimwita nusu mtoto wa porini na nusu mshenzi. Alinyongwa Cardiff tarehe 3 Septemba 1952, na mnyongaji alikuwa Pierrepoint. Laura alikwenda gerezani kumwona mumewe, akakuta tangazo limebandikwa mlangoni kwamba hukumu imetekelezwa.

Mwaka 1996 familia iliruhusiwa kuutoa mwili wake katika ardhi ya gereza na kumzika makaburini. Tarehe 24 Februari 1998 Mahakama ya Rufaa ilitengua hukumu yake, na mwaka 2022 polisi wa South Wales waliomba radhi, miaka 70 baada ya tukio. Utekelezaji wa hukumu ile ulikuwa safi. Hakuna aliyelalamika kwamba kamba ilikatika au kwamba Mattan aliteseka kupita kiasi. Na kwa kuwa hapakuwa na dosari ya kuonekana, hapakuwa na sababu ya mtu yeyote gerezani siku hiyo kujiuliza kwa nini mashahidi wale hawakumtambua.

Ya Derek Bentley yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Alikuwa na miaka 19 na akili nzito, alikuwa amekwisha kukamatwa pale mwenzake wa miaka 16 alipompiga risasi askari polisi, na kwa sababu mwenzake alikuwa mdogo mno kunyongwa, akanyongwa yeye, tarehe 28 Januari 1953. Hukumu yake nayo ilitenguliwa mwaka 1998. Ruth Ellis, aliyenyongwa Holloway tarehe 13 Julai 1955, hakuwa na shaka ya hatia, kwa kuwa alikiri waziwazi kumpiga risasi mpenzi wake. Umma uliguswa na mateso aliyopitia mikononi mwa mwanamume huyo, na umati ukakusanyika nje ya gereza. Tangu hapo imezagaa hadithi kwamba kifo cha Ellis ndicho kilichomfanya Pierrepoint aache kazi. Si kweli. Wiki mbili baadaye alikuwa Liverpool akimnyonga mtu mwingine.

Aliacha kwa sababu ya fedha. Mwanzoni mwa Januari 1956 alisafiri hadi Strangeways kumnyonga Thomas Bancroft, akafanya maandalizi yote, na saa chache kabla ya wakati Bancroft akapewa msamaha. Pierrepoint alidai ujira wake kamili wa paundi 15. Akapewa paundi 1 ya gharama, kisha akaongezewa hadi 4. Mwezi Februari akajiuzulu, akakataa kubembelezwa arudi, na muda si mrefu kumbukumbu zake zikaanza kuchapishwa gazetini kwa malipo makubwa, hadi serikali ikafikiria kumshtaki kwa kuvunja sheria ya siri za serikali. Waandishi kadhaa wamelichukulia jambo hili kama ushahidi wa moyo mgumu. Naliona kwa namna nyingine. Paundi 15 zilikuwa njia pekee ambayo dola iliitumia kukiri kwamba ilimhitaji. Alipopunjwa aliona wazi kwamba wakubwa waliomsifu kwa adabu yake walimhesabu kama kibarua wa siku, na kwamba heshima yote aliyoiweka katika kazi ile alikuwa ameiweka peke yake.

Serikali ilikuwa imewahi kumsikiliza rasmi mara moja. Mwaka 1949 iliundwa Tume ya Kifalme kuhusu adhabu ya kifo, chini ya Sir Ernest Gowers, na mwaka 1950 Pierrepoint alitoa ushahidi mbele yake. Alipoulizwa amenyonga watu wangapi alijibu kwamba ni mamia kadhaa. Aliulizwa juu ya kamba, umbali na kasi, akaonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Tume hiyo ilikuwa imeagizwa kuchunguza namna ya kuipunguza au kuirekebisha adhabu ya kifo. Kuifuta hakukuwa ndani ya hadidu zake za rejea. Iliporipoti mwaka 1953 ilisema, pamoja na mengine, kwamba kiti cha umeme na chumba cha gesi havikuwa bora kuliko kunyonga. Hitimisho hilo lilikuwa sifa kwa Pierrepoint zaidi kuliko kwa mtu mwingine yeyote, na lilitolewa mwaka uleule aliponyongwa Bentley na kufukuliwa kwa miili ya Rillington Place.

Kunyonga kulifanyika kwa mara ya mwisho Uingereza tarehe 13 Agosti 1964, watu wawili katika magereza mawili kwa wakati mmoja. Mwaka 1965 Bunge lilisimamisha adhabu ya kifo kwa mauaji, na mwaka 1969 likaifanya hatua hiyo kuwa ya kudumu. Miaka mitano baada ya hapo Pierrepoint alichapisha kumbukumbu za maisha yake, na humo akaandika kwamba haamini tena kuwa hata mmoja kati ya watu mamia aliowanyonga alizuia mauaji yoyote yaliyofuata, na kwamba adhabu ya kifo haikuleta chochote ila kisasi. Msaidizi wake wa zamani, Syd Dernley, alitilia shaka kama maneno hayo yalitoka moyoni. Na mwaka 1976, akihojiwa redioni, Pierrepoint mwenyewe alisema kwamba uhalifu umeongezeka tangu alipoandika, na kwamba sasa yuko katikati, hajui ashike lipi, kwa maana mawazo yake hubadilika kila siku.

Wanaotaka kitanzi kirudi huyatumia mahojiano hayo kuufuta ushahidi wa kitabu. Wanachanganya mambo mawili yasiyo na uzito sawa. Alichoandika kilitoka kwa watu aliosimama nao mwenyewe, wakiwamo wanawake 17, vijana walevi, wapenzi wenye wivu, na Corbitt. Alichosema redioni kilitoka kwa habari za uhalifu alizozisikia kama mstaafu mwingine yeyote. Juu ya kinachomsukuma mtu kuua na kama kamba humzuia, alikuwa shahidi. Juu ya hali ya nchi mwaka 1976, alikuwa raia mwenye maoni.

Pierrepoint alistaafia Southport pamoja na mkewe, akafariki huko tarehe 10 Julai 1992. Bunge lilipiga kura mara kadhaa kuhusu kurejesha kunyonga, ikiwamo mwaka 1979 na 1983, na kila mara wengi wakakataa. Katika kura zote hizo mbili mnyongaji alikuwa bado hai, na katika kumbukumbu za mahakama Mahmood Mattan na Derek Bentley walikuwa bado wameandikwa kuwa wauaji.